Ireri Njue Wawili na Kompyuta ya Ofisi ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya maji kule Meru, Karani Mkuu alinipa taipu yenye herufi inayokwama, akaniagiza nipige jedwali la mitaro ya Mitunguu kabla ya saa ya chai. Jedwali, kwa ninyi mliozaliwa na simu mkononi, lilikuwa kazi ya jasho. Unapima upana wa kila safu kwa rula, na ukikosea tarakimu moja chini ya ukurasa, unaanza upya. Niliharibu karatasi nyingi.

"Binti, jedwali halina huruma," Karani Mkuu akasema.

Nikamjibu kwamba hata mimi sina. Akacheka, na tangu siku hiyo nikajulikana kama Karimi mwenye mdomo. Sikukanusha.

Kompyuta zilipoingia nilikuwa nimehamishiwa Embu. Wenzangu wa rika langu walizikwepa, mimi nikazing'ang'ania. Mhandisi wa Wilaya alituletea programu ya kukagua majedwali. Ilipitia kila kisanduku: kitupu inakipaka njano, jumla isiyolingana inaipaka nyekundu, na mstari uliorudiwa, yaani mtu aliyeandikwa mara mbili, inaupaka bluu. Chini yake kulikuwa na kitufe cha Rekebisha Yote, ambacho kwa mistari ya bluu kiliacha mmoja tu. Iliwahi kunikamatia kina cha kisima kilichoandikwa katika safu ya mifugo, na mimi nilikuwa nimeshapita hapo bila kushtuka. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba niliichukia mashine.

Kasheshe ilianza na jedwali la Ishiara. Bomba lilikuwa linaletwa kule, na kila mwenye boma aliyeandikwa angepata mfereji wake wa kufungulia maji uani. Programu ikapaka bluu mistari mingi. Nilijua sababu. Kule, kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Ireri wa Njue anamzaa Njue, Njue anamzaa Ireri, na babu na mjukuu wanakuwa Ireri Njue wawili, kijiji kimoja, ukoo mmoja. Nambari za vitambulisho hazikuwa zimechukuliwa. Kwa programu, huyo ni mtu mmoja.

Afisa Mipango alisimama nyuma yangu. "Madam Karimi, bonyeza hiyo kitu tumalize. Ripoti inaenda Nairobi."

"Nikibonyeza, kuna maboma yatakosa maji. Hawa ni watu wawili."

"Na wakaguzi wakisema tumeweka watu hewa? Ni mimi nitaulizwa."

Hofu yake ilikuwa ya kweli, simdharau kwa hilo. Lakini hofu ya bwana mmoja haikutosha kuwaacha watu na kiu. Nikamwambia sibonyezi mpaka twende tukaone kwa macho.

Tukaenda. Mzee Ireri alitukaribisha vizuri, mjukuu wake akiwa kando yake, mwanamume mzima mwenye mke na watoto.

"Mzee, huyu ni nani?" Afisa akauliza.

"Huyu ni mimi," mzee akajibu kwa fahari.

Afisa akanigeukia. "Umesikia mwenyewe. Ni mtu mmoja."

Nilikasirika. Mjukuu anayebeba jina lako ni wewe uliyerudi. Mzee alikuwa anampa kijana heshima, na heshima hiyohiyo ilikuwa inamnyima maji.

"Mzee," nikasema, "huyu wewe mwingine analala kwako?"

"Alale kwangu na bibi yake na watoto? Ako na boma yake huko ng'ambo ya mto. Na maji anachota na punda yake, si yangu."

Tukarudi Embu. Ofisini sikukigusa kile kitufe. Niliongeza safu ya jina la mama, nikaijaza boma kwa boma nikisaidiwa na wazee wa kijiji, na bluu ikaondoka yenyewe.

"Wakaguzi wakikuja, ni wewe utajibu," Afisa akasema.

"Waje," nikasema, nikatia sahihi yangu.

Maboma yote mawili yalipata mfereji. Mimi nikapata uhamisho wa ghafla kwenda Maua, na sikuomba radhi. Huko ndiko nilikostaafia, na kwenye hafla ya kuniaga walisema nilikuwa mgumu. Nilipiga makofi pamoja nao.

Vijana, tumieni hizo programu, zina macho makali kuliko yangu. Lakini zikisema mtu ni kosa, nendeni mkamsalimie kwanza.

Nimerudi kuishi Embu. Mzee Ireri alifariki, tukamzika. Juzi mjukuu wake alibisha mlangoni kwangu, kofia mkononi.

"Mama, mfereji umekatwa. Ofisi inasema mimi nilikufa."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mtu alikuwa ameifuta safu ya jina la mama ili jedwali lipendeze, kisha akabonyeza. Marehemu akaondoka na aliye hai.

Tulifika ofisini asubuhi. Karani wa sasa, kijana mpole, alinitazama kama mjukuu, akatabasamu. "Shosho, si ulistaafu?"

"Nilistaafu mshahara," nikamwambia. "Sogea."

Nikakaa kwenye kiti chake, nikamwita Ireri aingie asimame mbele ya kompyuta hiyo, akiwa hai.