Vipimo vya Mwaka Jana

Mtaani walimwita Fundi Pindo, kwa sababu nguo ya mtoto haikutoka kwenye cherehani yake bila pindo pana la kushushwa mwenyewe akirefuka. Kila Krismasi aliwashonea wajukuu wake saba nguo za kitambaa kimoja, wakaingia nazo kanisani kwa mstari, watu wakageuka kutazama. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwapima. Sasa hayupo, na fundi alikuwa na hofu moja tu: watoto wasije wakamsahau na yeye.

Akampigia simu binti yake mkubwa. "Waleteni watoto niwapime, mama."

"Baba, shule, kazi, tutafika saa ngapi? Kata kwa vipimo vya mwaka jana, ongeza kidogo."

Akaongeza vidole viwili. Wiki tatu alishona akizungumza na nguo: "Wewe, simama wima. Wewe, acha kulia, tunachelewa kanisani." Zilipokamilika alizitundika sebuleni, akawa anakula huku anazitazama. Hakuwa na wageni wengine.

Asubuhi ya Krismasi nyumba ikajaa pomoni: wanawe, wakwe, watoto wakirukia makochi. Fundi akachutama mbele ya kitinda mimba wao, wa miaka minne.

"Mchumba wangu! Umemsahau mumeo?"

Mwaka jana alijibiwa, "Sikutaki, kibogoyo wee!" na nyumba nzima ikaangua kicheko. Leo mtoto alijibanza nyuma ya mama yake.

"Mama, huyu nani?"

"Jamani, si babu! Msalimie."

"Shikamoo," mtoto akaiambia sketi ya mama yake.

Nguo zikajaribiwa. Mapindo yakashushwa hadi ukingoni, wapi! Mabega yalibana, vifungo havikukutana. Mjukuu mkubwa akatoka chumbani, mikono ya shati imemwishia kwenye viwiko.

"Baba mkwe," mkwe akatania, "huyu umemshonea au umemfunga bandeji?"

Wakacheka, na fundi akacheka nao. Kisha binti yake akafungua begi. Ndani mlikuwa na nguo saba za dukani, zimekunjwa vizuri.

"Nilizibeba tu, baba. Za akiba."

"Umefanya vizuri, mama. Haya nendeni, mtachelewa. Mimi nawafuata."

Hakuwafuata. Alikaa sebuleni akifungua vifungo vya nguo zilizovuliwa, kimoja kimoja, kisha akavifunga tena.

Waliporudi walikula, wakapiga soga juu ya watu asiowajua, wakaanza kutafuta viatu vya watoto. Ndipo fundi akachukua futi, akamwita yule mdogo.

"Njoo nikupime, mama. Dakika moja tu."

Mtoto akasimama, mikono ameitandaza, macho mlangoni. Fundi akapima bega. Akapima kifua. Akapima urefu, akiteremka taratibu mpaka magoti yake yakagusa sakafu. Nywele za mtoto zilinukia sabuni. Nje gari likapiga honi.

"Umemaliza?"

"Bado."

Mtoto akavuta pumzi, akasubiri. Honi ikalia tena.

"Umemaliza, babu?"

Vipimo vyote alikwisha kuvipata.

"Bado kidogo," akasema, akaanza upya begani.