Kubipiwa Kutoka Chemba

Miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuenea Dodoma, nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja ya serikali, na nilikuwa mtu wa kukereka upesi. Nilikerwa na watu waliopokea simu kwenye foleni ya benki na kupaza sauti ili sote tujue kwamba mzigo wao umeshafika Dar. Nilikerwa na wageni wa ofisini walioziweka simu zao juu ya faili zangu. Nilikerwa na jirani yangu, dada mmoja muuza mitumba aliyepanga chumba kilichopakana na vyangu kule Chang'ombe. Redio yake iliamka kabla ya jogoo. Stesheni mpya zilikuwa zinafunguliwa kila kukicha, naye alizipenda zote.

Lakini hakuna kilichonikera kama kubipiwa. Vocha ilikuwa ghali na dakika zilikwisha haraka, kwa hiyo mtu alikupigia, simu ikalia mara moja, akakata. Maana yake ilikuwa: nipigie wewe mwenye uwezo. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mshahara, nilihesabiwa kuwa na uwezo.

Aliyenibipu kuliko wote ni shemeji yangu. Alikuwa mume wa mdogo wangu na mfanyabiashara wa mbuzi huko Chemba, na simu aliinunua ili ajue bei za minadani. Mama yetu alikuwa akiishi kwao, nje kidogo ya mji, tangu baba alipofariki. Pale nyumbani mtandao haukuwepo. Ulipatikana juu ya kilima kilicho nyuma ya zizi. Shemeji alipanda, akanibipu, akashuka. Nilipopiga, sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu iliniambia kwamba namba hiyo haipatikani kwa sasa.

Mama alikuwa na presha. Kwa hiyo simu ilipolia mara moja na kukatika, mimi sikuwaza salamu. Nilimwona mama amelala sakafuni. Nilimwona mdogo wangu amejifunga khanga kiunoni, watu wamejaa uani. Niliacha barua ya mkurugenzi katikati ya sentensi, nikatoka nje kupiga, nikarudi, nikatoka tena. Siku nzima vidole vyangu vilikosea herufi. Halafu jioni shemeji alipatikana, sauti yake imetulia kabisa.

"Aa, shemeji, sisi tupo salama. Tulikuwa tunakusalimia tu."

Siku moja nilichoka. Nilimwambia, "Shemeji, nisikilize. Usinibipu tena kama hakuna tatizo. Mkiwa wazima, kaeni kimya. Nikibipiwa nijue kuna jambo."

"Lakini, shemeji, unajua huku..."

"Hakuna lakini. Mtaniua kwa mshtuko."

Niliwasikia mbuzi wakilia nyuma yake. "Sawa," alisema. "Nitawaambia wenzangu."

Wiki ya kwanza nilifanya kazi kwa raha. Wiki ya pili nilianza kuitazama simu. Mvua zilikuwa zimeanza, makorongo ya njia ya Kondoa yalikuwa yakijaa, na kwetu hakuna aliyepatikana hewani. Nilijiambia kwamba ukimya ndio niliouomba. Hata hivyo niliilaza simu karibu na mto, na nilipoamka niliangalia kwanza kama ina chaji.

Ikaja siku moja ya kikao cha Bunge. Mji ulikuwa umejaa, ofisi yetu imejaa wageni wenye tai na haraka zao. Mchana, nikiwa nachapa, simu ililia mara moja. Ilikuwa namba ya shemeji. Nilipiga. Haipatikani. Nilipiga tena na tena, mpaka mgeni mmoja akaniuliza kama naumwa.

Niligonga mlango wa mkuu wangu, mzee mmoja aliyekaribia kustaafu.

"Shikamoo, mzee. Naomba ruhusa niende nyumbani Chemba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimebipiwa."

Aliinua macho. "Umebipiwa."

"Tulikubaliana wasinibipu mpaka kuwe na tatizo, mzee. Na sasa hawapatikani."

Alivua miwani akaisugua kwa ncha ya shati. "Mama yako ni mzima?"

"Hilo ndilo silijui."

"Basi nenda," alisema. "Hizi simu zimeletwa zituondolee mashaka."

Basi la Kondoa lilikuwa likiondoka asubuhi tu, kwa hiyo ilinibidi nisubiri. Nilipanga mkoba. Nilitia khanga nyeusi ya msibani, nikaitoa kwa kuogopa kwamba najiitia balaa, kisha nikairudisha chini kabisa, chini ya sukari na majani ya chai. Alfajiri nilipofunga mlango, jirani yangu alikuwa ameshawasha redio, anakunja masweta ya mitumba.

"Dada, safari? Kwema huko?"

"Naenda nyumbani," nilimjibu, nikapita. Nilikerwa kwamba hata siku ile hakupunguza sauti.

Mbele ya Mayamaya tulikuta korongo limejaa. Maji mekundu yalikuwa yakipita kwa kasi, na magari yalikuwa yamejipanga kila upande yakisubiri yapungue. Abiria walishuka, wengine wakanunua mahindi ya kuchoma. Mimi nilisimama ukingoni nikipiga namba ambayo haikupatikana. Ng'ambo kulikuwa na lori la mbuzi lililotoka huko tunakokwenda, na ndani, pembeni mwa dereva, kulikuwa na mtu aliyejifunika khanga kichwani. Nilimtazama kama unavyotazama mtu wa njiani, nikageuza uso. Maji yalipopungua, lori lilivuka kwanza. Lilipita mita chache kutoka niliposimama, likaturushia tope, na nikalikasirikia.

Nilifika kwao jua likielekea kushuka. Mdogo wangu alikuwa uani anapepeta ulezi. Hakukuwa na watu waliojaa. Hakukuwa na kilio. Lakini alipoinua kichwa na kuniona, ungo ulimponyoka.

"Mama yuko wapi?" niliuliza, hata salamu sikutoa.

"Dada," alisema, "si yuko kwako?"

Nilikaa chini palepale kwenye ulezi.

Mdogo wangu alinieleza huku akilia kidogo kidogo. Aliyekuwa akinibipu si shemeji. Ni mama. Kila shemeji alipopanda kilimani, mama alimfuata taratibu na fimbo yake, wakapumzika njiani, wakafika. Shemeji alibonyeza namba yangu na kumwekea simu sikioni. Mama alisikiliza mlio. "Inalia," alisema. "Kata sasa, asisumbuke." Halafu alishuka, akapika, akalala usingizi mzuri. Kwa mama, simu yangu ikilia maana yake ni kwamba mimi nipo, nimeishika, sijapatwa na jambo.

Shemeji alipomfikishia agizo langu, mama alilikubali. Hakulalamika. Ila alianza kuamka usiku na kukaa kitandani. Kisha redio ikatangaza ajali ya basi katika njia ya Morogoro, na mama alijua kwamba mara kwa mara mimi hutumwa Dar kikazi. Shemeji alikuwa amekwenda mnadani na simu ameiacha. Mama aliichukua, akapanda kilimani peke yake, akabonyeza alipozoea kuona shemeji akibonyeza. Ililia mara moja, simu ikazima. Chaji ilikuwa imekwisha. Mama hakujua mambo ya chaji. Alijua tu kwamba imelia ikanyamaza ghafla, na mimi sikusema neno.

"Nilimkataza," mdogo wangu alisema. "Akaniambia, 'Nimezaa wawili. Mmoja ninamwona. Acha nikamwone wa pili.' Asubuhi akapanda lori la mbuzi."

Ndipo nilipolikumbuka lile lori, na khanga kichwani, na tope.

Mama alikuwa amefika Dodoma mara moja tu, kwa matibabu, na siku hiyo mimi ndiye niliyemshika mkono. Kwangu alipajua kwa maelezo: Chang'ombe, karibu na kanisa. Chang'ombe ina makanisa mengi. Kiswahili chake kilikuwa cha ukubwani, na akihangaika alirudi kwenye Kigogo bila kujijua. Nilipanda kile kilima nikikwama kwenye miiba, nikapiga simu ya mezani ya ofisini. Ililia mpaka ikakatika yenyewe, maana kazi zilikuwa zimeshafungwa. Nilitafuta mtu mwingine wa kumpigia. Jirani yangu alikuwa na simu, aliinunua kwa faida ya mitumba, na siku moja alitaka tubadilishane namba. Nilimwambia nitaichukua baadaye.

Nilisimama kilimani nimeishika simu yenye mtandao mzuri kabisa, na sina wa kumpigia.

Usiku ule mdogo wangu na mimi tulilala kitanda cha mama. Sidhani kama tulilala. Asubuhi nilipata gari la mahindi, na mara hii korongo lilikuwa kavu, limebaki tope tu. Dodoma nilianzia stendi. Niliuliza wapiga debe, niliuliza mama lishe, niliuliza mlinzi wa choo. Wote walikuwa wameona wazee wengi. Mmoja aliniuliza amevaa nini, na sikujua amevaa nini. Nilikwenda kwenye mnada wa mbuzi, lile lori halikuwepo. Mwishowe nilielekea nyumbani, natembea nakimbia, kwa kuwa sikujua pa kwenda pengine.

Mlango wangu ulikuwa na kufuli kama nilivyouacha. Mlango wa jirani ulikuwa wazi. Redio ilikuwa imezimwa, na hilo lilinitisha. Nilichungulia.

Mama alikuwa amekaa juu ya robota la mitumba, miguu ameinyoosha, anamenya karanga kwenye bakuli la plastiki. Jirani alikuwa akishona kifungo cha koti.

"Alifika jana jioni," jirani alisema. "Dereva wa lori alimzungusha kanisa kwa kanisa, wakikuulizia kwa jina na kazi yako, mpaka wakampata mtu anayekujua. Nikamwambia umekwenda kwake. Alicheka, dada, mpaka akalia. Nilitaka nikupigie, ila namba yako sina."

Nilimpa pale pale. Aliiandika kwenye simu yake polepole, akiisoma kwa sauti, na sikuona kero yoyote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinishika mikono yote miwili, akapandisha vidole vyake mpaka mabegani, kama anayekagua nguo kabla ya kununua. "Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikwenda kukutafuta."

"Nani alikuambia nimepotea?"

Nilikaa karibu naye. Alinipa karanga chache, nikazishika tu.

"Ile simu ikilia kwako," aliuliza baadaye, "inakupa shida?"

"Inanishtua, mama. Naona kama kuna mtu amefariki."

Alifikiri. "Mimi ikilia ndipo ninapumzika," alisema.

Mama alikaa kwangu mpaka mvua zilipokwisha, na sitasema ilikuwa raha tupu. Alifua mifuko ya plastiki akaianika kwenye kamba yangu mbele ya wapangaji wote. Aliogopa jiko la mafuta ya taa, akawa analizima mara tu nikigeuza mgongo. Nikichelewa ofisini nilimkuta amesimama njiani na jirani, wote wawili wakitazama upande ninaotokea. Nilimwambia asisimame njiani. Kesho yake alikuwa pale pale. Lakini presha ilipopimwa zahanati ilikuwa imeshuka, na muuguzi alituuliza tunampa dawa gani.

Siku moja kabla ya kurudi Chemba, tukichambua mboga, nilimuuliza tufanye nini kuhusu simu. Nilimwambia kwamba naweza kuwa napiga mimi, kila Jumapili baada ya kanisa, wao wawe wamepanda kilimani. Alisema ni sawa. Akaendelea kuchambua, halafu akasema kitu ambacho naona alikuwa amekiweka muda mrefu.

"Ila wewe nawe una tabia mbaya ya simu."

"Tabia gani, mama?"

"Ukipiga, hata hujasalimia, unauliza nani anaumwa. Mtu unampandisha mlima aje kuulizwa ugonjwa."

Nilisema nitajirekebisha. Alinitazama kwa namna ya mtu asiyeamini sana.

Jumapili ya kwanza nilipiga kutoka sokoni, karibu na wauza zabibu, ambako mtandao haukunisumbua. Shemeji alipokea, akampa mama. Nilimwamkia. Nilimuuliza mvua, nikamuuliza ulezi, nikamuuliza mbuzi. Swali lenyewe, la presha, nililiweka la mwisho. Mama alikuwa na furaha, hakuwa na haraka yoyote. Mbuzi mmoja alikuwa amezaa mapacha, mmoja mweupe, mmoja ana baka jichoni, na huyo wa baka alikuwa anakataa kunyonya, sasa wanamnywesha kwa chupa. Alinieleza jinsi walivyoipata chupa. Alikuwa anaanza kunieleza habari za jirani aliyewapa ile chupa, simu ikakatika.

Nilipiga tena. Namba haipatikani kwa sasa. Muuza zabibu aliniuliza kama ninanunua au nimesimama tu, nikamwambia anipimie kidogo. Niliila zabibu ile nikitembea, bila kujua presha ya mama ikoje.