Siku Mama Alipopimwa Kusimama

Mama angerudi kwenye flati yake Peckham kama angeweza kusimama bila kushikwa, akafumba macho asiyumbe, akainama akaokota ndara sakafuni. Akishindwa, nyumba ya wazee, maana kwetu ni chumba kimoja: mimi, mume wangu na mtoto mchanga. Hivyo ndivyo alivyonieleza dada wa fiziotherapia, yule wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, huku anatabasamu. Nilitamani kumzaba kibao.

Mama akasimama. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto, lakini alisimama. Akafumba macho, akayumba kidogo, akajirudi. Dada akaweka ndara mbele yake.

“Mwambie aiokote.”

Mama akageuza shingo, akamwona mume wangu amekaa nyuma yake, kambeba mtoto.

“Niiname na mkwe yuko nyuma yangu? Hivi mmenionaje?”

Kwetu mama hainami mbele ya mkwe, hata akiwa mgonjwa. Nililieleza hilo kwa Kiingereza kadiri nilivyoweza. Dada akasema itabidi aandike kwamba hakuweza.

“Hakuweza? Hajajaribu!” Nilifoka mpaka nesi akachungulia. Kisha nikamgeukia mume wangu. “Na wewe umekodoa nini hapo? Toka!”

“Si wewe uliyeniambia nije nishike mtoto?”

“Toka!”

Akatoka, maskini, mtoto analia.

“Haya mama, ametoka. Waonyeshe.”

“Atarudi huyo.”

“Harudi. Inama.”

“Una haraka gani wewe?”

Akainama. Mkono ulifika magotini tu, mguu wa kushoto ukakunjika, na dada akamdaka kwa mkanda aliokuwa amemfunga kiunoni. Mimi nilibaki nimesimama kama mlingoti.

Alikuwa anajua. Kabla yetu sote, alikuwa anajua. Aibu ya mkwe ilikuwa ya kweli, lakini siku ile alikuwa amejificha humo, na mimi kwa mdomo wangu nikamfurusha.

Tukamkalisha kitandani. Akavuta kanga ikafunika magoti, akaninong'oneza, “Mwambie sikujaribu.”

“Mama, ameona.”

“Wewe mwambie tu.”

Nikamwambia. Yule dada hakutabasamu safari hii. Aliniuliza taratibu kama huko nyumba ya wazee mama angependa chumba cha chini, kinachotazama bustani.

“Anasemaje?” mama akauliza.