Maganda ya Jumanne na Maganda ya Alhamisi

Jumanne ilikuwa siku ya Oom Gerrit, Alhamisi ilikuwa siku ya Daktari Naseeb, na kwa miaka mitatu mizima Rosalia Mkude alihakikisha siku hizo mbili hazikutani.

Alikaa mtaa wa Bertrams, nyumba ya kona, karibu na uwanja kiasi kwamba kukiwa na mechi kubwa vikombe vyake viligongana kabatini. Aliingia Johannesburg mwaka tisini na tatu akitokea Morogoro, ameolewa na mpigania uhuru aliyekuwa anarudi kwao. Mume alikuwa ameshafariki, binti yao Nomsa alikuwa na mji wake Durban, na Rosalia, mwenye miaka sitini na mmoja, aliishi kwa kazi ambayo hata mchungaji wake hakuielewa sawasawa. Alitengeneza maganda ya risasi.

Maganda matupu, alikuwa anaeleza upesi kabla mgeni hajasogeza kiti nyuma. Hakukuwa na baruti ndani ya nyumba, wala fataki za kuiwasha, wala risasi nzima. Kulikuwa na shaba ya manjano tu, mtambo wa mkono uliofungwa kwenye meza nene, na tochi ya gesi.

Kazi hiyo aliijua kwa ufagio. Miaka kumi na minne alifagia karakana ya fundi bunduki mmoja mzee, na mtu akifagia mahali miaka kumi na minne huku macho yake ni mazima, anaona mengi. Siku moja mzee, amechoka kuharibu maganda, alimsikia mfagiaji wake akisema nyuma yake, "Bosi, hilo hukulipasha moto ndiyo maana limepasuka." Mzee akageuka, akamtazama, akamkabidhi kiti. Alipofunga karakana kwenda kuzeekea pwani kwa mwanawe, mtambo ulipanda gari la mizigo ukashushwa Bertrams.

Wateja wake walikuwa watu wa aina ya pekee. Risasi za dukani hazikuwatosha. Walikaa na penseli wakachora risasi zao wenyewe, hii nyembamba shingo, ile pana tumbo, wakachukua ganda la risasi nyingine na kulibana mpaka lifanane na mchoro. Wenyewe waliziita paka-mwitu. Mara ya kwanza Rosalia kuambiwa "nitengenezee paka-mwitu mia moja" alikaribia kufunga mlango.

Lakini mikono yake ilikuwa imezaliwa kwa kazi hiyo. Alianza na kuchagua. Alimwaga maganda kitandani juu ya shuka jeupe, akageuza kila moja kusoma muhuri wa kiwandani ulioko kitakoni, kwa sababu ganda la kiwanda hiki na la kile huwa hayalingani unene hata yakiwa sura moja. Yaliyopigwa mara nyingi aliyajua kwa kitundu cha fataki kilicholegea. Halafu akachukua matano matano kwenye kiganja, akayatikisa sikioni. Mazima yalilia kama njuga. Kukiwa na moja lenye ufa, hata ufa usioonekana, sauti ilikuwa inakwaruza, na Rosalia alilitoa bila kutazama.

Kisha shingo zilipita kwenye moto hadi zikashika rangi ya maji ya chai ya rangi, zikadumbukizwa kwenye maji, chwaa. Shaba iliyopashwa inakuwa tiifu. Baada ya hapo lilikuwa suala la kalibu, kile chuma chenye tundu ambamo ganda linasukumwa kwa mtambo mpaka likubali umbo jipya. Mafuta yakipungua, ganda linanasa humo na utalitoa kwa matusi. Yakizidi, bega la ganda, pale tumbo linapokutana na shingo, linabonyea kama uso wa mtoto aliyenyimwa andazi.

Oom Gerrit, yaani Mjomba Gerrit kwa lugha ya Makaburu, ndiye aliyetangulia. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, Kaburu mrefu mwenye magoti mabovu, anayekaa mtaa wa Observatory kule mlimani. Alileta mchoro ameukunja mara nane.

"Rosalia," alisema, "huu hajauona mtu. Hasa asiuone yule daktari wa meno."

"Daktari gani, Oom?"

"Utamjua. Anatabasamu sana."

Mchoro ulikuwa mzuri kutazama na mbaya kutengeneza. Bega lilikuwa kali mno. Katika maganda kumi aliyoyajaribu kwa kalibu kuukuu za karakana, tisa yalipasuka. Rosalia alimshauri ashushe bega kidogo na kurefusha shingo kidogo. Oom Gerrit alinuna wiki mbili, kisha akarudi akasema amefikiria mwenyewe usiku, na ameona bega lishuke kidogo na shingo irefuke kidogo.

"Wazo zuri, Oom," alisema Rosalia.

Fundi wa mashine jirani, Othmani wa Ujiji, alichonga kalibu kwa umbo hilo. Oom Gerrit alipeleka maganda ya mfano kwa fundi wa mitutu, na fundi akakata chemba ya bunduki, tundu linalokaa risasi, kwa kuyafuata maganda yale.

Miezi minne baadaye akaja Daktari Naseeb, anatabasamu kweli. Alikuwa mfupi, nadhifu, ana vidole vya mtu aliyekaa kwenye vinywa vya watu miaka arobaini. Naye alikuwa na mchoro wa siri.

"Auntie Rosalia, nakuomba kitu kimoja tu. Kuna mzee mmoja anaitwa Gerrit..."

Rosalia alijizuia kucheka mpaka machozi yakamlenga. Ikaja kujulikana kwamba wazee hao walikuwa wanachama wa klabu moja ya shabaha, na hawajasemezana miaka kumi na moja kwa sababu ya tundu moja kwenye karatasi. Daktari alidai risasi zake mbili zimepita humo humo. Oom Gerrit, aliyekuwa mwamuzi siku hiyo, alisema moja imepita na nyingine imekwenda kwa ng'ombe wa jirani.

Alipofunua mchoro wa daktari, Rosalia alikaa chini. Ulitofautiana na wa Oom Gerrit kwa unene wa ukucha. Na Othmani alikuwa ameshahamia Cape Town. Kutafuta fundi mwingine wa kuchonga kalibu ya pili kulimaanisha kuvuka mji na kueleza upya, mwezi mzima wa kuzungushwa. Rosalia alitazama mchoro, akatazama kalibu iliyokaa mezani imefunikwa kitambaa, na roho ya utundu ikamwingia.

"Daktari," alisema taratibu, "bega hili litakusumbua. Lisogeze kidogo hivi. Na shingo, hivi."

Daktari alikuwa mwepesi kuliko Oom Gerrit. Alikwenda siku tatu tu, akarudi na mawazo yake mwenyewe. Yalikuwa yale yale. Naye akachukua maganda ya mfano kwa fundi wa mitutu.

Tangu siku hiyo kalibu ikawa moja. Jumanne ilizaa siri ya Oom Gerrit, Alhamisi ikazaa siri ya Daktari Naseeb. Rosalia aliyapanga ya Oom kwenye boksi la kijani na ya daktari kwenye boksi la bluu, na boksi la kijani likipungukiwa aliongezea kutoka la bluu bila kusita.

Mtu pekee aliyejua ni Clémence, Mrundi mwenye saluni Yeoville, waliyesali naye kanisa moja.

"Mama Nomsa, weye utafungwa!" Clémence alisema huku anajipigapiga mapaja kwa kicheko.

"Kwa kosa gani? Kila mmoja amepata ganda zuri."

"Na nani mushindi kati yao?"

"Mwezi uliopita daktari. Juzi Oom. Alikuja hapa akaniambia, 'Unaona, Rosalia? Bega langu!' Nikamwambia, naliona, Oom."

Ungedhani hali hiyo ingedumu mpaka mmoja wao azikwe. Lakini Jumapili moja ya Agosti, upepo mkali uliopeperusha karatasi za shabaha ulikumba pia meza kwenye uwanja wa klabu. Kopo la daktari lilipinduka, na maganda aliyokwisha kuyapiga yakabingirika hadi kwenye turubai la Oom Gerrit, yakachanganyika na ya kwake. Wazee wawili walipiga magoti, kila mmoja akiokota mali yake. Wakagundua hawaijui.

Rosalia na Clémence walikuwa wametoka kanisani, wanakunywa chai barazani, magari mawili yalipofunga breki mbele ya geti kwa wakati mmoja. Rosalia aliweka kikombe chini.

"Wale ni wale?" Clémence alinong'ona.

"Ndio wenyewe."

"Mimi niende?"

"Ukiondoka sitakusamehe."

Oom Gerrit aliingia kwanza kwa kuwa miguu yake mirefu, lakini daktari ndiye aliyewahi kusema. Hakutabasamu.

"Auntie, huyu mtu ameiba mchoro wangu. Amekuja kwako kwa siri akauona!"

"Mimi?" Oom Gerrit alinguruma. "Mimi nilikuwa na ganda hili wewe bado unang'oa watu meno! Rosalia, mwambie. Nani alikuja kwanza?"

"Wewe ulikuja kwanza, Oom."

"Haa!"

"Lakini ulichokuja nacho sicho hiki."

Rosalia aliingia ndani. Kwa kweli aliogopa; wateja hawa wawili ndio waliokuwa wanamlisha wiki nzima, na aliona wazi kwamba anaweza kuwapoteza wote alasiri hiyo. Angeweza kusingizia bahati, akasema michoro ilifanana tu. Alifikiri hivyo mpaka alipofika mezani. Hapo alichukua michoro yao ya kwanza, uliokunjwa mara nane na usiokunjwa, akachukua na kalibu, akavileta barazani kwenye sinia la chai.

"Huu wako, Oom. Huu wako, Daktari. Na hii ndiyo kalibu yangu. Iko moja tu."

Daktari alitoa kalipa mfukoni, akapima. Oom Gerrit akamnyang'anya, akapima yeye.

"Miaka mitatu," alisema Oom Gerrit, "nimekuwa nikipiga risasi zake?"

"Na mimi zako?" daktari alisema, kwa karaha ya mtu aliyeambiwa ametumia mswaki wa mwenzake.

"Hamkupiga za mtu," Rosalia alisema, na sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia. "Mmepiga zangu. Ya Oom ilikuwa inapasuka, ya Daktari ingepasuka. Nimewapa ganda lisilopasuka. Mnataka kunifokea, nifokeeni, lakini semeni kama mna ganda moja, moja tu, lililowaharibikia."

Hawakuwa nalo. Clémence aligeuza uso ukutani, mabega yanamtikisika.

Walimfokea hivyo hivyo. Walimfokea kwa zamu, kisha kwa pamoja, na katikati ya kufoka Oom Gerrit alimgeukia daktari akasema, "Si unamsikia?" naye daktari akajibu, "Namsikia, hana haya hata kidogo!" Ndipo wote wawili wakagundua wamesemezana. Oom Gerrit alikohoa. Daktari alifuta kalipa kwa leso. Rosalia akawamiminia chai, maana hakujua la kufanya na mikono yake, wakainywa wamesimama, na walipoondoka walisimama tena nje kati ya magari yao, wanabishana juu ya tundu la karatasi, mpaka taa za barabarani zikawaka.

Wiki nzima hakuna aliyekuja. Rosalia alisafisha mtambo mara mbili. Jumatano iliyofuata wakaja pamoja, kwa gari moja, na boksi moja.

Jina lilikuwa shida nyingine. Oom Gerrit alitaka risasi iitwe kwa ukoo wake, daktari alitaka iitwe Zubeda, jina la marehemu mama yake. Mwishowe katibu wa klabu aliandika "Bertrams" daftarini ili wamwache ale chakula chake. Rosalia aliona angeweza kukumbukwa yeye, akanuna siku nzima, lakini hakuwaambia.

Mwezi wa Mei uliofuata wakaenda kuwinda kwenye nyika ya Karoo, wote wawili, kila mmoja na bunduki yake. Wakarudi na swala mmoja, aliyechinjwa na daktari mwenyewe kwa bismillahi, na paja zima wakalileta Bertrams limefungwa kwenye gazeti.

Jioni hiyo simu ya Rosalia iliita. Alikuwa daktari, anasema kwa sauti ya chini. "Auntie, kati yetu tu. Yule mzee anajidanganya. Aliyempiga swala ni mimi."

"Najua, Daktari," alisema Rosalia. "Nilijua tu."

Hajakata vitunguu, ikaita tena. Oom Gerrit alikuwa ananong'ona kama mtu aliyejificha bafuni.

"Rosalia, usimwambie yule. Lakini risasi ilikuwa yangu."

"Ya nani mwingine, Oom?" alisema Rosalia, akamkonyeza Clémence, aliyekuwa jikoni anatafuta sufuria la kutosha paja.