Dume Aliyeitwa Digrii

Kwa miaka kumi na minane nilikana kwamba baba yangu ni mtu wa kupiganisha mafahali. Wenzangu wa chuo kikuu walipouliza mzee anafanya kazi gani, nilijibu kuwa ni mtaalamu wa mifugo. Hakuna aliyedhani kwamba utaalamu wenyewe ni kukimbia nyuma ya dume Jumamosi asubuhi na kupuliza filimbi. Kisha, katikati ya miaka ya tisini, mdogo wangu Shivachi akaniandikia barua: dume amemkanyaga mzee, mbavu mbili zimevunjika, na bado mzee anasema atampeleka dume uwanjani. Nikafunga safari kwenda kumwambia baba amuuze huyo dume kabla hajamuua.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka Nairobi. Kufika Nakuru nilikuwa na hoja tatu. Kufika Kisumu zilikuwa saba, zenye utangulizi na hitimisho.

Saa kumi jioni nilishuka Khayega, kituo cha kwetu karibu na Kakamega. Siku hizo boda boda ilikuwa baiskeli. Mwenye baiskeli alinitazama, akalitazama gurudumu la nyuma, akaongeza upepo.

"Unaenda kwa nani, mathe?"

Nikamtajia jina la baba.

"Aa! Kwa mwenye Digrii!"

Nikajinyoosha kidogo. Nilidhani anaisema digrii yangu.

Nyumbani nilimkuta baba amefungwa kitambaa kifuani, akimlisha dume mweusi majani ya viazi vitamu.

"Mama, umekuja," akasema. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Msalimie Digrii."

"Digrii?"

"Siku ulivaa lile joho nilirudi hapa nikasema, kila dume nitakayempata ataitwa hivyo. Huyu ni wa tatu. Wewe unazo ngapi?"

"Mbili."

"Basi soma."

Mama yangu alikuwa jikoni akisonga obusuma, ugali wetu. "Mwambie wewe uliyesoma!" akapaza sauti. "Mimi ananisikianga kama redio ya jirani!"

Tukiwa tunakula ingokho, kuku wa kienyeji, nikasahau hoja zote saba. "Baba, uza huyo dume. Atakuua."

Aliweka mfupa chini. "Unaogopa mbavu zangu, ama unaogopa wenzako?"

Shivachi akaanza kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Jumamosi, jua halijapanda, tulishuka uwanjani kwa ngoma za isukuti, watu wakitikisa matawi na kuimba jina la dume wetu. Nilikuwa nimekusudia kusimama mbali. Nikajikuta mstari wa mbele, viatu vya Nairobi vimejaa umande na samadi. Baba alitembea ubavuni mwa Digrii, pale dume angeweza kumwona, kamba mkononi, akimnong'oneza. Digrii na dume wa upande wa pili walipofungana pembe, baba aliwatuliza watu wetu kwa mkono mmoja. "Ngojeni. Tazameni sikio la yule mwingine." Sikio likalala. Akapuliza filimbi, Digrii akasukuma, na yule mwingine akageuka akakimbia. Uwanja ukalipuka kwa nyimbo. Ni mimi na Shivachi tu tuliomwona baba akijishika mbavu na kuinama, uso umekuwa kama majivu. Shivachi akamdaka kabla hajaanguka.

Jumapili, ndani ya basi la kurudi, nilikuwa na swali la baba tu, lile la mezani. Mahali fulani karibu na Nakuru nikalijibu: mbavu niliziogopa, ndiyo, lakini wenzangu niliwaogopa zaidi. Nilikuwa nimesoma miaka mingi kutafuta mtu anayeijua kazi yake hadi kwenye sikio la mnyama, na mtu huyo ndiye aliyenilipia karo.

Jumanne simu ya ofisi yetu chuoni ililia. Tulikuwa wanne chumbani, simu moja. Baba alikuwa akipiga kutoka Posta, Kakamega.

"Mama, kuna mtu wa Matete anamtaka Digrii. Nimefikiria maneno yako. Nimpe?"

Wenzangu watatu walikuwa wakisahihisha mitihani. Nikasimama.

"Baba, usimuuze dume. Nimekuona uwanjani ukipiganisha mafahali, na hakuna anayekufikia. Lakini Jumamosi kamba ashike Shivachi. Wewe puliza filimbi, ukae mbali na pembe."

Kalamu zikasimama.

"Hapo uko na watu?" akauliza.

"Niko na wenzangu wa kazi. Wanasikia yote."

Nikasikia sarafu nyingine ikiingia kwenye simu.

"Basi," akasema, "kamba nitampa Shivachi."