Siku Nilipobeba Mchi Wangu

Kinu kilikuwa cha jirani yangu, lakini michi ilikuwa miwili, wake na wangu. Kila alasiri tulitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye uwanja wake hapa Kasongo, yeye akishusha, mimi nikiinua. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na hilo halikuwa neno. Nilipofika kutoka Wamaza, nimekimbia vita kwa miguu na mimba kubwa, yeye ndiye aliyenipa mahali pa kupikia. Binti yangu alipozaliwa na maziwa yangu yakachelewa, alinyonya kwake.

Halafu vita vya Gaza vikaingia mpaka huku. Kanisani tuliombea Israeli, ile ya Zaburi, kama vile Daudi bado anatawala kule. Msikitini waliombea Palestina. Siku moja, tukitwanga, nikaimba wimbo wetu wa Jumapili wa kubariki Israeli.

Jirani akasimamisha mchi. "Dada, watoto wanakufa kule, na wewe uko unaimba?"

"Watoto wa upande gani?" nikamuuliza.

Swali hilo linanikasirisha mpaka leo. Lilitoka kinywani mwangu, mimi niliyekimbia risasi.

"Basi utwange na Israeli yako," akasema.

Nikabeba mchi wangu, nikaenda. Mchi bila kinu ni kuni tu. Wiki mbili tulikula maharagwe. Binti yangu, ambaye sasa anasema, alisimama mlangoni akimwita jirani "mama", nami nikamvuta ndani.

Siku ya maharagwe ya mwisho, redio ilisema habari za wanawake wawili, mmoja wa Israeli, mwingine wa Palestina, kila mmoja amezika mtoto. Wanaenda pamoja mashuleni kusema na vijana. Kwao wanaitwa wasaliti. Hawakubaliani kwa mengi, hata njiani wanagombana, lakini wanafika pamoja.

Nilizima redio kwa hasira. Wenye makaburi wanakaa kiti kimoja, na sisi, ambao hata njia ya kule hatuijui, tumeshindwa kutwanga majani. Mchungaji wetu na shehe wao wanasalimiana sokoni wakicheka. Sisi ndio tulionuniana.

Nikachukua sombe, mchi na mtoto.

"Umekuja na nani?" jirani akauliza bila kuinuka.

"Na sombe."

"Na ule wimbo?"

"Umebaki kanisani. Lakini bado ninaomba."

"Na mimi bado niko upande wa Palestina. Usifikiri nimegeuka."

"Sikuja kukugeuza. Lile swali langu la watoto lilikuwa baya."

Aliinuka. Alikipindua kinu, akapangusa vumbi ndani yake, akamwaga majani. Tukaanza. Mapigo yalikuwa yamepotea, michi ikagongana mara mbili.

"Polepole, Israeli," akasema. "Utanivunja vidole."

Binti yangu alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wa jirani, anakula ndizi ambayo hakuna aliyempa.