Bawa Alilolishika Mama Mkwe

Ndege isiyo na injini ilitua kwenye shamba letu la alizeti kule Iguguno, wiki moja baada ya mavuno. Rubani wake, mgeni aliyejua Kiswahili kidogo, alisema upepo wa kumnyanyua ulikuwa umemwishia. Aliomba ivutwe hadi barabarani, ambako wenzake wangekuja na tela la kuibeba.

Trekta halikuwepo siku hiyo. Ilikuwepo pawatila yangu tu, mashine ndogo ya kulimia ya magurudumu mawili, ambayo mama mkwe aliipinga tangu nilipoinunua. Alisema mwanamke haendeshi mashine mbele za watu.

Rubani alifunga kamba kwenye pua ya ndege, akaeleza kwamba lazima mtu atembee ameshika ncha ya bawa, la sivyo litalala na kukwaruza ardhi. Wanaume wakaanza kubishana nani alishike. Mama mkwe akakaza kanga yake kiunoni, akawapita, akalishika.

"Washa," akaniambia. "Nenda taratibu, mwanangu. Huku nipo mimi."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Niliendesha nikigeuka nyuma kila mara, naye alitembea juu ya mabua makavu bila kuliachia bawa, mpaka tukafika barabarani.

Jioni majirani walikuja kuuliza habari za ndege. Nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikamsikia akiwaambia, "Mkwe wangu ndiye aliyeivuta." Niliepua sufuria, nikatoka nje kumwambia asante.